Mahali Mizinga Ilipopewa Magurudumu

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijitokeza mbele ya bandari ya Zanzibar na kuipiga mizinga manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga pale ikitengenezwa mitambo yake. Pegasus ikazama. Waandishi wa vita wamelisimulia pambano hilo kwa kirefu, na wakishamaliza huruka moja kwa moja hadi delta ya Rufiji, ambako Königsberg ilikwenda kujificha. Wanaharakisha mno. Hapo katikati kuna jambo lililoamua mwaka mzima uliofuata: mitambo ya mshindi nayo iliharibika, na Nahodha Max Looff akaingia kwenye mikoko ya Salale kwa sababu meli yake haikuwa na nguvu ya kumfikisha kwingine.

Delta haina karakana. Vyuma vilivyoharibika vilifunguliwa, vikashushwa, vikasafirishwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia moja za mchanga na vinamasi. Reli haikupita huko. Mbung'o hawakuwaacha wanyama wa kukokota wadumu katika ukanda ule, kwa hiyo mzigo ulikuwa wa mabega ya watu. Mafundi wa Dar es Salaam wakavitengeneza vile vyuma, navyo vikarudishwa Rufiji. Lakini tarehe 30 Oktoba manowari Chatham iliigundua Königsberg mafichoni, na Waingereza wakaweka ulinzi kwenye midomo ya mto. Meli ilikuwa imepona, njia imefungwa.

Ilipigwa na kuzama tarehe 11 Julai 1915 na meli mbili zilizoundwa kwa maji ya kina kifupi, Severn na Mersey. Kwa wapenzi wa meli, hadithi inaishia hapo. Kwa karakana za Dar es Salaam ndipo kazi ilipoanza. Mizinga 10 ya Königsberg, ya kipenyo cha sentimita 10.5, iliopolewa na kuletwa mjini. Mzinga wa meli hauna magurudumu. Umekazwa kwa bolti kwenye sitaha, na ni uzito wa meli yenyewe unaopokea kishindo chake. Ukitaka kuupeleka vitani nchi kavu, sharti uuundie gari zima: ekseli, magurudumu yanayobeba tani kadhaa, na mkia wa chuma wa kuchimbia ardhini ili mzinga usirudi nyuma na kuwaponda wapigaji. Karakana za reli ziliyaunda magari hayo. Mzinga mmoja ukapanda treni hadi Kigoma na kufungwa kwenye meli Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Mingine ikafuatana na majeshi ya kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, ikapotea mmoja baada ya mwingine.

Mitatu iko hadi leo: mmoja Pretoria, mmoja Jinja, mmoja Fort Jesus mjini Mombasa, ambako wageni husimama kando yake kupiga picha. Mizinga imepewa jukwaa katika nchi tatu. Mahali ilipopewa magurudumu, sijapata kuona kitabu cha watalii kinachopataja.

Sura hii ni ya mahali hapo na pengine pa namna yake: mabanda ya mafundi yaliyoendesha vita katika nchi yetu. Tunahifadhi ngome, makanisa, majumba ya magavana na makaburi ya mashujaa, na ni haki tuyahifadhi. Lakini vita haviendeshwi na ngome. Vinaendeshwa na mahali ambapo kilichovunjika jana kinatengenezwa leo ili kitumike kesho, na huko ndiko Waafrika wengi walikofanya kazi yao ya vita bila kushika bunduki. Nitasema wazi tangu mwanzo ninachokiamini: jengo la karakana ndiyo karibu kumbukumbu pekee waliyoachiwa watu hao, na tukiliuza kama chuma chakavu tunawafuta kwa mara ya pili.

* * *

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ulifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mapema mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Kwa hiyo vita vilipoanza, koloni lilikuwa na mkufu wa karakana uliotoka bahari hadi ziwa, na ukazingirwa pamoja na koloni lenyewe. Manowari za Waingereza zilizuia shehena kutoka Ulaya. Kisanduku cha bolti kikiisha, hakuna kingine. Kila fundi akalazimika kuunda badala ya kubadilisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Tabora. Mwaka 1916 sarafu zilikuwa zimeadimika, askari na wapagazi walihitaji kulipwa, na meli ya kuleta fedha haikuweza kupita. Karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha kupigia sarafu. Ilitoa heller 20 na heller 5 kwa shaba ya maganda ya risasi na ya mizinga. Kisha, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ikapiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo mbele ya milima, zaidi ya 16,000. Leo wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya na Marekani wanaigombea ile ya tembo kwa bei kubwa mnadani. Wanaipima, wanaikagua kwa kioo, wanazitofautisha zilizopigwa kwa mhuri huu na zilizopigwa kwa mhuri ule. Kuhusu banda ilimotoka wanajua jina la mji tu.

Na Kigoma. Graf von Götzen iliundwa Papenburg nchini Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na kupelekwa ziwani kwa reli, ikaunganishwa upya pale ufukweni. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Wajerumani walipolazimika kuondoka Kigoma, waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, lakini kabla ya kufanya hivyo mafundi waliipaka mitambo grisi nzito ili maji yasiile. Meli ililala chini ya ziwa miaka kadhaa, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kati ya matendo yote ya vita vile katika nchi hii, hilo la grisi ndilo ninaloliheshimu zaidi. Watu walioamriwa kuharibu walitafuta njia ya kutoharibu kabisa. Kama uhifadhi wa mitambo nchini Tanzania unahitaji siku ya kuzaliwa, mimi ningechagua hiyo.

Waliofanya kazi hizo walikuwa nani? Wakuu walikuwa Wajerumani, ila wengi wao waliitwa jeshini, kwa hiyo kadiri vita vilivyoendelea ndivyo kazi ilivyowaangukia wengine: mafundi kutoka Bara Hindi, na Waafrika waliokuwa wahunzi, wapiga nyundo, wachochea moto wa boila, wasukuma mabehewa, na vijana waliowekwa kando ya mashine wakajifunza kwa macho. Majina ya maofisa tunayo. Majina ya hawa ni machache mno. Mji wa Dar es Salaam uliangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 4 Septemba 1916, na mnamo 1927 wakasimamisha Sanamu ya Askari katikati ya mji, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Ni sanamu nzuri. Askari amepata shaba yake. Mpagazi alipata Kariakoo: jengo la soko la Kijerumani lililotumika kama kambi ya kikosi cha wapagazi, ambalo nalo liliondolewa katika miaka ya 1970 kulipisha soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli. Fundi hakupata hata hilo.

* * *

Mgeni anayetaka kuiona Dar es Salaam ya kale huelekezwa upande wa bahari. Ataonyeshwa Boma la Kale la enzi za Sultani Majid, Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Kanisa la Azania Front, Hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897. Akigeuza uso na kuufuata mstari wa reli kutoka stesheni ya zamani kuelekea Gerezani, kisha kusini na magharibi hadi Keko, Chang'ombe, Kurasini na kando ya Barabara ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu, anaingia katika mji mwingine: mji wa maghala, mabanda ya bati, yadi za makontena, gereji. Huku ndiko reli na bandari zilikovuta kazi zote za chuma, na sehemu kubwa yake ikawa Temeke. Hakuna anayekuja kutalii huku, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Ninaposema karakana za vita sizungumzii tu zile zenye lango la jeshi. Vita vya Pili vya Dunia viliwachukua vijana wengi wa Tanganyika na kuwafundisha udereva na ufundi wa magari. Waliporudi, ujuzi huo ulitafuta mahali pa kufanyia kazi, na gereji za mjini zikaupokea. Kisha vikaja vita ambavyo Dar es Salaam haikupigwa bomu la ndege lakini iliviendesha kwa miaka mingi kuliko vile viwili vya wazungu: vita vya ukombozi wa Kusini mwa Afrika.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rodesia walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyotegemea njia za kusini kwa mafuta yake na kwa kuuza shaba yake, ikabanwa. Malori yakaanza kumiminika kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi na matope. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya uchukuzi ya Zambia Tanzania Road Services, ambayo serikali hizo mbili zilikuwa na hisa sawa. Lori lililorudi kutoka safari ile lilirudi na springi zilizovunjika, rejeta iliyotoboka, ekseli iliyopinda. Mtu aweza kuziandika siasa za miaka ile zote bila kutaja mahali lori lile lilipotengenezwa, na vitabu vingi vimefanya hivyo. Lakini bila lile shimo la kukagulia magari kule Dar es Salaam, mgomo wa Zambia dhidi ya Rodesia ungeishia njiani.

TAZARA ilizaliwa kwenye shinikizo hilohilo. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo na wahandisi wa China, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Stesheni yake na karakana yake ya Dar es Salaam ziko upande wa Temeke, na bado ni mahali pa kazi. Nyingine ziliishia vibaya. Huko Mang'ula, Kilombero, karakana iliyohudumia ujenzi wa reli iligeuzwa baadaye kuwa kiwanda cha zana na mashine, kisha uzalishaji ukasimama. Sitaki karakana ya Dar es Salaam ihesabiwe siku moja pamoja na Mang'ula. Ni jengo la vita kama ngome yoyote ilivyo jengo la vita. Tofauti ni kwamba vita vyake vilipiganwa kwa nati na mataruma.

Kurasini nako, ndani ya Temeke, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule iliyoanzishwa mwaka 1963 na kuongozwa na Janet Mondlane. Upande wa pili wa mji, Oysterbay katika Kinondoni, ndiko kiongozi wao Eduardo Mondlane alikouawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, tarehe 3 Februari 1969. Kwa hiyo vita vya Msumbiji vilikuwa vya Temeke na Kinondoni pia. Ukifuata tu mahali viongozi walipolala na walipofia, utapata orodha ya nyumba nzuri za ufukweni. Ukifuata mahali magari yao yalipotengenezwa, makaratasi yao yalipochapishwa na mizigo yao ilipofungwa kabla ya kwenda kambi ya Nachingwea, utapata orodha nyingine kabisa, na ndefu zaidi.

Na Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, serikali ilikusanya mabasi na malori ya raia na ya mashirika kuyapeleka mstari wa mbele, na gereji za kiraia zikawa za jeshi kwa usiku mmoja. Mashujaa wa vita vile wana makaburi yao Kaboya, na wanastahili. Somo la magari nalo halikupotea: mwaka 1985 jeshi lilianzisha Nyumbu, huko Kibaha, kwa ajili ya kubuni na kuunda magari hapahapa. Gereji zilizobeba miezi ile ya 1978 na 1979 hazina hata kibao.

* * *

Kinondoni kuna tatizo la aina yake. Lugalo, kambi iliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo, ilikuwa ikiitwa Colito kwa kumbukumbu ya pambano la mwaka 1941 huko Ethiopia, na ndiko maasi ya Tanganyika Rifles yalikoanzia usiku wa tarehe 20 Januari 1964. Hakuna kambi yenye uzito zaidi katika historia ya jeshi letu. Lakini ni kambi hai. Raia haingii, hapigi picha, na wala haimpasi. Katika mahali kama hapo mwanahistoria wa nje hawezi kufanya lolote. Uamuzi wa kuliacha banda la zamani la magari au kulibomoa ni wa jeshi lenyewe. Nadhani jeshi ndilo lingeweza kuwa mhifadhi bora kuliko sisi sote. Lina nidhamu ya kuandika, lina mafundi wanaojua mashine ilikuwa inafanya nini, lina wastaafu wanaokumbuka nani alisimama wapi. Kinachohitajika ni amri fupi tu kwamba jengo la ufundi la zamani likitaka kuvunjwa, lipigwe picha na kupimwa kwanza, na nakala itunzwe.

Nje ya kambi, sheria inasaidia kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda yenyewe yale majengo yaliyotangulia ukoloni. Ya baadaye hupata ulinzi pale tu waziri anapoyatangaza. Baadhi ya majengo ya Kijerumani ya katikati ya mji yaliwahi kutangazwa. Ukitazama ni yapi, utaona kwamba macho ya watangazaji yalikuwa yaleyale ya mgeni: veranda, matao, milango, minara. Banda la futi mia mbili lenye paa la bati na sakafu iliyolowa mafuta halina mlango wa kuchonga wa kumvutia mtu. Halafu liko kwenye ardhi ya reli au ya bandari, ambayo bei yake inapanda kila mwaka. Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa ianze safari zake kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, swali la nini kifanyike na majengo ya reli ya zamani limeacha kuwa la wanahistoria peke yao.

Mimi siipingi reli ya kisasa. Mafundi ninaowaandikia wangekuwa wa kwanza kuipanda. Ninachopinga ni mpangilio wa kazi ambamo mnunuzi wa chuma chakavu anafika kabla ya mpimaji. Chuma chakavu hulipwa kwa kilo, na kwa kilo mashine ya kukerezea ya mwaka 1910 haina tofauti na kitako cha jenereta bovu. Ikishang'olewa, jengo limekwisha hata kama kuta zimesimama, kwa sababu karakana ni chumba kilichojengwa kuzunguka mashine. Kimo cha paa kilitokana na kreni. Upana wa mlango ulitokana na kichwa cha treni. Madirisha yaliwekwa pale mkerezaji alipohitaji mwanga juu ya mkono wake wa kulia.

Ndiyo maana kulisoma jengo la namna hii ni ujuzi wa pekee, na ningependa kila mwanafunzi wa usanifu pale Chuo Kikuu Ardhi afundishwe. Anza sakafuni. Bolti zilizokatwa kwenye zege zinaonyesha mashine zilikaa wapi na zilitazama upande gani. Reli nyembamba zilizozikwa sakafuni zinaonyesha njia ya mzigo. Inua macho: vyuma vilivyofungwa kwenye nguzo, ambavyo sasa havishiki kitu, vilishika mhimili mrefu uliozungushwa na injini moja na kugawa nguvu kwa mashine zote kwa mikanda ya ngozi. Juu kabisa, paa la ngazi mbili lenye mwanya katikati linakuambia kwamba chini yake palikuwa na moto wa wahunzi. Weusi wa moshi kwenye mbao ni ushahidi. Mtu anayekuja na rangi nyeupe ili "kupendezesha" ameufuta.

Na kuna namna za kuharibu kwa nia njema. Kuta za zamani za pwani hii zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizipaka plasta ya saruji unaufungia unyevu ndani, chumvi inakusanyika nyuma ya plasta, na baada ya masika machache plasta inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Dawa yake ni chokaa, iliyolowekwa na kuiva, ikapakwa na fundi asiye na haraka. Mafundi wa namna hiyo bado wapo Zanzibar, Bagamoyo na Lamu. Nguzo za chuma nazo huliwa na kutu kwenye vitako, pale maji yanapotuama; mara nyingi kinachohitajika ni kuzibua mifereji ya paa na kuinua kiwango cha sakafu nje, kazi ya gharama ndogo ambayo haina sherehe ya uzinduzi na kwa hiyo haifanywi. Bati za asbesto zinazokutwa kwenye baadhi ya mabanda ya katikati ya karne iliyopita ni hatari kweli na ziondolewe na watu waliofunzwa, si vibarua wenye nyundo.

* * *

Watu huuliza jengo la namna hii litatumikaje. Nairobi walijibu tangu mwaka 1971, walipofungua Jumba la Makumbusho ya Reli kando ya yadi za treni, na vichwa vya treni za mvuke vikakaa pale ambako watoto wanaweza kuvipanda. Jinja wamefungua makumbusho yao ya reli mwaka 2022. Uingereza, vibanda vya mbao vya Bletchley Park, ambako siri za mawasiliano ya Ujerumani zilifumbuliwa wakati wa Vita vya Pili, vilikaribia kubomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, hadi wenyeji na wastaafu walipoungana kuviokoa. Vilikuwa vibanda vibovu vya dharura. Uzuri haukuwa hoja.

Lakini jibu ninalolipenda zaidi liko kwetu, Kongwa. Baada ya Vita vya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, na kwa kuwa matrekta yalikuwa haba iliagiza vifaa vilivyobaki vya jeshi. Kampuni ya Vickers hata iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mashine za vita zikaja kung'oa visiki Ugogo. Mradi ulikufa mwaka 1951. Mwaka 1964 mabaki yake hayohayo ya Kongwa, pale penye stesheni ya reli iliyoachwa, yakawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO wakaingia, wakafuatiwa na ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU. Mahali pamoja palibeba masalia ya vita vya Ulaya, ndoto ya karanga, na majeshi ya nchi tano. Kongwa imo leo katika mpango wa Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika. Wapiganaji wenyewe walirudi na kusema: tulikuwa hapa.

Karakana za Dar es Salaam zinahitaji warudiaji wa namna hiyo, na muda wao ni mfupi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1966, akifungua gia za lori la Zambia, sasa ana miaka kama 80. Aliyekuwa fundi mchundo wa reli wakati wa Kagera ni mstaafu wa Yombo au Mbagala. Anaweza kuingia kwenye banda lililo tupu na kukuonyesha bila kusita: hapa palikuwa na msimamizi, hapa tulipikia chai, hapa mwenzetu alikatwa vidole. Makaratasi ya serikali ya Kijerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa yaliingizwa na UNESCO katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Jalada limeokolewa, na ni jambo kubwa. Jalada halijui nani alikatwa vidole.

Kazi yenyewe ningeipanga hivi, nikiwa na mkanda wa kupimia, kamera, kinasa sauti na barua ya ruhusa kutoka Shirika la Reli, TAZARA au Mamlaka ya Bandari. Kwanza mashine, kwa kuwa ndizo zinazotoka mapema: kila moja ipigwe picha ilipo, namba na mwaka vilivyochongwa kwenye mwili wake viandikwe, na kabla haijaguswa mstaafu aliyeitumia aulizwe mbele yake ilikuwa inafanya nini. Pili sakafu, kabla haijamwagiwa zege jipya. Tatu kuta na paa, ambavyo kwa kawaida vinaweza kungoja masika moja zaidi kama mifereji imezibuliwa. Mpangilio huu ni kinyume cha ule wa miradi mingi ya uhifadhi, inayoanza na rangi ya ukuta wa mbele. Yadi za kuanza nazo ni zile ambazo kamati ya kuuza mali chakavu itakaa kwanza, na mpimaji hana sababu ya kuchelewa.